Panya Kumi na Mmoja wa Vizimba vya Chini

Nzuguni, Jumapili, saa kumi jioni

Edina mwanangu,

Umekwenda Kikuyu kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomjua, hatakuachia kabla ya saa mbili. Kwa hiyo nina saa nne. Nimekaa kwenye meza ya chakula na begi lako kubwa liko wazi mbele yangu. Barua hii nitaiweka juu kabisa, juu ya nguo, ili uione leo leo kabla ya treni ya kesho asubuhi. Nilifikiria kuisukumia chini ya viatu uje kuikuta Ubelgiji. Nikaona huo utakuwa uoga wa pili, na wa kwanza haujaniisha.

Habari za sweta na dawa za malaria hutazikuta humu. Una miaka ishirini na saba, unajua kufunga koti. Nakuandikia jambo moja tu. Ndani ya kazi yako, ile iliyokupatia nafasi ya kwenda kusoma miaka minne, kuna kosa. Hukulifanya wewe. Nililifanya mimi kwa mikono yangu, na nimekaa nalo wiki tano bila kusema. Nitakueleza lilivyotokea, halafu nitakueleza kwa nini nilinyamaza, kwa sababu hicho cha pili ndicho kibaya zaidi. Nilinyamaza kwa wivu. Nimetafuta neno lingine la kujisitiri nalo, sikulipata.

Niruhusu nianzie mbali kidogo. Sirefushi, utaona.

Siku zote nimekwambia kwamba niliacha shule kwa sababu babu yako alikosa ada. Si kweli. Babu yako aliuza mbuzi na ada ilikuwepo. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, kijijini kwetu upande wa Bahi, nilipata surua. Nililala wiki sita. Siku nne kati ya hizo sizikumbuki kabisa, naambiwa nilikuwa naongea na ukuta. Nilipona, nikanenepa, watu wakaja kumpongeza mama. Nikarudi darasani, mwalimu akaniuliza saba mara nane, nikafungua mdomo, hakuna kitu. Na kabla ya surua nilikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu, Edina, wa kwanza katika watoto hamsini na mbili. Mwalimu akadhani ni jeuri. Baadaye akadhani ni ujinga, na hilo likabaki. "Yunisi alikwenda kuugua akasahau kichwa huko," ndivyo walivyonitania hadi siku nilipoacha mwenyewe kwenda.

Mama yangu hakuwa na elimu wala dawa. Kila asubuhi, kabla jua halijatoka na ule upepo wetu unavyokata, alinikalisha mbele ya moto, akanivuta mgongo wangu kwenye tumbo lake, akatufunika shuka moja, akanimwagia karanga mapajani. Hesabu, anasema. Nikikosea hasemi kitu, anazichanganya tu upya. Ilichukua mwaka mzima na miezi miwili. Jedwali likarudi, la pili, la tano, la kumi, mwisho la saba. Lakini shule haikurudi. Wenzangu walikuwa wameshapita.

Unaona sasa nilivyokuwa nikikutazama wewe. Ulikuwa na miaka mitano, ukahesabu hadi mia ukiwa unaruka kamba. Hukutaabika hata kidogo. Nilisimama mlangoni na beseni la nguo, nikafurahi kama mzazi yeyote, na chini ya furaha kulikuwa na kitu kingine kinauma. Ndiyo maana nilikuwa nakwambia "rudia". Unakumbuka? Kila hesabu, rudia. Ulidhani umekosea, unakunja uso, unaanza tena tangu mwanzo, na mara nyingine ulilia. Ulikuwa umepatia. Karibu kila mara ulikuwa umepatia. Nilitaka tu nikuone unahangaika kidogo, kama nilivyohangaika mimi. Dokta Salome, msimamizi wako wa chuo, alisema siku moja kwamba uangalifu wako wa kuhakiki kila namba hajauona kwa mwanafunzi mwingine, akauliza umeutoa wapi. Nikanyamaza hapo pia.

Tuje kwenye panya.

Nimefanya kazi nyumba ya panya ya chuo miaka kumi na sita. Nilianza na fagio. Hakuna aliyenifundisha kuwatofautisha kwa alama za masikio wala kujua jike atazaa baada ya siku ngapi kwa kumtazama ubavu. Nilijifunza mwenyewe, na leo wasomi wanaingia mle ndani wanauliza, "Mama Edina, huyu vipi?" kabla hawajafungua kompyuta zao. Wewe hulijui hilo vizuri, kwa sababu ulipoingia ulinikuta nipo kama ukuta ulivyopo.

Yule mwanafunzi aliyekutangulia alikuwa akiwaambukiza panya virusi vya mafua ili atazame mapafu. Panya akishapona anapumua vizuri, kwake kazi imekwisha, anaandika "mzima". Mimi nilikuwa na mchezo wangu. Jioni kabla ya kutoka niliwadondoshea punje ya alizeti, kona ya nyuma kushoto, kila siku kona ileile. Walishajua. Nikigusa mlango tu wanapanga foleni pale. Basi wale waliougua wakapona, wakanenepa, wakakimbia vizuri tu, lakini nikigusa mlango wanasimama kona nyingine wananitazama. Nilihesabu siku sita. Katika ishirini, kumi na wanne walikuwa wamepoteza kona.

Nilikusimulia jikoni, nasonga ugali na wewe unachambua mlenda. Sikukwambia kwamba nilipowaona pale kwenye kona isiyo yao nilijiona mimi na saba mara nane. Nilikwambia tu kona na idadi. Mikono yako ikasimama.

"Mama, una uhakika?"

"Nimehesabu siku sita."

"Mafua yamepona ila kichwa hakijarudi," ukasema polepole, si kwangu, kwako mwenyewe. Hukula vizuri usiku ule.

Baada ya wiki mbili lilikuwa wazo la Edina. Baada ya mwezi lilikuwa wazo la Edina na Dokta Salome. Nikakusikia kwenye simu unamwita "mama". "Sawa mama, nitafanya hivyo mama." Najua vijana wote wa chuo wanawaita hivyo kina mama wenye heshima zao, hata mimi wananiita hivyo. Lakini mle ndani ya nyumba ya panya, mbele ya wenzako, mimi ulikuwa huniiti chochote. Ulikuwa unasema, "Naomba kizimba namba nne." Nilikuwa nakupa.

Sitaki udhani sikuipenda kazi yenyewe. Niliipenda kuliko mlivyoipenda nyinyi. Ulipokuja kutueleza wahudumu kwamba huwezi kumwambukiza mtoto wa mtu ugonjwa ili uone kama atasahau masomo, ndiyo maana panya anatuazima kichwa chake, nilirudi nyumbani nikashindwa kulala. Miaka yote hiyo nilidhani kilichonipata kilinipata peke yangu, na kwamba ni aibu. Kumbe kina njia, kinaweza kupimwa kwa sekunde.

Na ulikipima vizuri. Lile tangi la maji mlilolikata nusu, maji yakatiwa maziwa ya unga yasionyeshe chini, na ile stuli ndogo iliyozamishwa kidogo tu, panya aogelee aitafute kwa kukumbuka. Panya arobaini na wanane. Ishirini na wanne wazima, kadi ya kijani, vizimba sita. Ishirini na wanne wa kuambukizwa, kadi nyekundu, vizimba sita. Watano wa kadi nyekundu walikufa, wakabaki kumi na tisa. Siku ya kumi baada ya kuugua walikuwa wanaogelea sekunde arobaini na moja kwa wastani, wanazunguka tu. Ulipowarudia kuanzia siku ya thelathini, kwa siku tisa, walikuwa wanaifikia stuli kwa sekunde kumi na saba na kidogo, na wazima kumi na sita. Ukaandika kwamba kumbukumbu inarudi yenyewe kwa muda. Hiyo ndiyo sentensi iliyokupeleka Ubelgiji.

Edina, sijui kama inarudi yenyewe.

Ilikuwa mwezi wa saba, unajua asubuhi za mwezi wa saba zilivyo hapa kwetu. Vizimba vya kadi nyekundu vilikuwa vitatu rafu ya juu, vitatu rafu ya chini, na rafu ya chini ipo karibu na mlango ule usiofunga vizuri. Nilikuwa nafika saa kumi na mbili. Nikawakuta wa chini wamejikunyata rundo moja, na ninajua saa mbili wanakwenda kwenye maji. Siku ya kwanza nilimtoa mmoja tu. Nikavua glavu, nikamweka ndani ya kanga chini ya koti la kazi, hapa tumboni, hadi akaacha kutetemeka. Halafu wa pili. Kufika siku ya tatu nilikuwa nawapitisha wote, dakika tano tano, wakiwa wawili wawili. Nilikuwa nahesabu kwa sauti ndogo nikiwa nao. Jedwali la saba. Nilifanya hivyo asubuhi tisa, siku zote tisa za kipimo chako kilichoanza siku ya thelathini. Vizimba vitatu vya chini tu. Wa juu sikuwagusa, wala wa kijani. Sikuona ubaya, ulishatuambia virusi vimeshatoka mwilini mwao, nikajua siwezi kuugua. Kwamba kipimo nacho kinaweza kuugua, hilo halikuniingia.

Liliniingia siku ya kutetea kazi yako. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa na viatu nilivyoazima kwa Mama Yona wa Area D, vinabana. Yule mzee mgeni aliyekuja kukuhoji alikuwa anasinzia, mimi nikimtazama nasema huyu hana shida. Akafumbua macho akauliza kwa upole, kwa Kiingereza, kama wanyama wote walishikwa na kutunzwa kwa namna moja, kwa sababu panya aliyezoea mkono wa mtu huogelea tofauti na asiyezoea. Dokta Salome akakutafsiria hata kabla hujaomba, kana kwamba ni kwa ajili yangu.

Wewe ukatabasamu. "Ndiyo," ukasema kwa Kiswahili, umejiamini kabisa. "Mhudumu ni mmoja, na mikono ni ileile."

Moyo ukanipiga mara mbili kwa sentensi moja. Mara ya kwanza kwa sababu nilijua pale pale kwamba si kweli. Mara ya pili kwa ajili ya lile neno. Dokta Salome alikuwa kushoto kwako, amevaa kitenge sare na chako, kile mlichokwenda kununua pamoja. Na mimi nilikuwa mhudumu.

Ningeweza kusimama. Ningeweza kukuvuta kando kwenye soda na karanga. Ulinikimbilia ukanikumbatia ukasema, "Mama, tumeshinda," na mimi nikakushika mgongo nikawaza: sasa nina kitu ambacho Edina hana. Ndicho nilichowaza, neno kwa neno. Baadaye nikampa mwalimu Hosea, yule mpangaji wa chumba cha uani, kitabu cha kazi yako, kwa kuwa ni Kiingereza kitupu, anisomee ukurasa wa shukrani. Majina kumi na manne. Dereva wa chuo yumo. Halafu "na wahudumu wote wa nyumba ya wanyama". Tupo watatu. Nikamwambia mwalimu asome tena, labda ameruka mstari. Hakuwa ameruka.

Wiki tano nimekuwa nikikutazama unaaga watu, unapokea zawadi, unacheka kwenye simu na mama yako wa pili, na ile siri ilikuwa imenikaa kifuani kama wale panya, inanipasha joto. Nasema ukweli. Nilikuwa nalala nayo vizuri.

Kilichonitoa ni hesabu. Ulikuwa ukitaja sekunde kwa sauti ili mwenzako aandike, na mimi kwa mazoea yangu nilikuwa naandika nyuma ya daftari la maranda, lile la kuhesabia magunia ya kutandika vizimba. Alhamisi iliyopita nililichukua ili nijue hasa siri yangu ina uzito gani. Nikawatenga wa chini na wa juu. Wa chini ni kumi na mmoja, sekunde mia moja hamsini na nne, ukigawa ni kumi na nne kila mmoja. Wa juu ni wanane, sekunde mia moja sabini na sita, ukigawa ni ishirini na mbili. Ukiwachanganya wanakuletea ile kumi na saba yako. Lakini hakuna panya wa kumi na saba, mwanangu. Kuna wa kumi na nne waliowapita hata wazima, na kuna wa ishirini na mbili ambao bado wanatafuta.

Nilipoona hivyo nilishangilia peke yangu hapa mezani. Nikasema: ni mimi. Si muda uliowarudishia, ni mimi na kanga yangu, kama mama alivyonirudishia mimi. Nikajiona nimesimama mbele ya wale wazee, na Dokta Salome amekaa nyuma.

Halafu nikarudia. Wewe si wa kwanza kuambiwa rudia katika nyumba hii. Nikahesabu waliokufa. Rafu ya juu walikufa wanne, ya chini mmoja. Inawezekana kabisa wa juu waliugua zaidi tangu mwanzo, ndiyo maana walichelewa, na kanga yangu haikufanya lolote. Au ilifanya nusu. Kwa panya kumi na mmoja huwezi kujua, na kwa mtu mwenye wivu kama mimi ndiyo kabisa hupaswi kumwamini. Namba zangu ziamini, nimezihakiki mara tatu. Maelezo yangu usiyaamini.

Inabidi urudie kipimo. Nusu wapashwe joto, nusu wasipashwe, rafu zibadilishwe, na anayewashika asiwe anajua ni yupi aliugua. Na asiwe mimi. Hiyo sentensi fupi imenichukua muda mrefu kuliko ukurasa mzima.

Najua ninachokufanyia. Kesho una treni, na huko wanakusubiri kwa sababu ya sentensi moja ambayo mama yako ameitoboa. Wanaweza kukasirika. Wanaweza kusema kazi haikuwa na usimamizi, na Dokta Salome ataonekana vibaya, na hapo sitakudanganya, kipande kidogo cha moyo wangu kinafurahi. Hata mimi nitaulizwa glavu zilikwenda wapi, na nimebakiza miaka miwili nistaafu. Sawa. Wewe hukukusudia uongo, mimi ndiye niliyekufanya useme uongo mbele ya watu, ukiwa unatabasamu. Hilo siwezi kulipa kwa sweta.

Ukiamua kunyamaza, sitakusema. Ni kazi yako. Lakini nimekaa na kitu cha kunyamazia tangu nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, kile cha ada, na sasa hiki. Havikukaa kimya ndani. Kile cha kwanza kilitoka kama "rudia", kikakuliza ukiwa mtoto. Hiki cha pili kilinifanya nikukumbatie na kukuwekea mtego kwa wakati mmoja. Sitaki uende na cha kwako.

Daftari la maranda nimelifunga kwenye mfuko wa nailoni, liko ndani ya begi dogo, upande wa hati ya kusafiria. Kurasa nane za mwisho. Alama ya msalaba ni rafu ya chini.

Jambo la mwisho, kisha nikakubandikie maji, nasikia bajaji nje na huenda ni wewe.

Ule ukurasa wa shukrani uuache ulivyo. Usiniongeze pale, nimeshaacha kuutaka. Ila najua kuna mahali mnapoandika kasoro za kazi, Hosea alinionyesha, karibu na mwisho. Hapo ndipo utakapoandika kwamba panya kumi na mmoja wa vizimba vya chini walipashwa joto tumboni mwa mtu kwa asubuhi tisa, bila glavu na bila ruhusa.

Usiandike "mhudumu".

Andika Yunisi Madeje, mama yangu.